Miaka Tuliyosafisha Picha kwa Jua

Siku ya kwanza kazini sikugusa kamera. Niliingia katika ile studio ya mtaa wa Makiso, mjini Kisangani, asubuhi, shati langu limepigwa pasi mpaka linakwaruza shingo, na Patron, mwenye studio, akanitazama kama mtu anayetazama kiti kilicholetwa nyumbani kwake kwa makosa. Hakuniuliza nilisoma wapi. Alichukua kigoda, akakiweka mlangoni, akanionyesha ng'ambo ya barabara alikokaa mama mmoja muuza makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi.

"Kaa hapa," akasema. "Uangalie ile meza mupaka tufunge."

Nikakaa. Jioni akaja akasimama nyuma yangu. "Amisi, uliona nini?"

"Niliona samaki, Patron."

"Bon. Kesho utakaa tena."

Nikakaa tena, huku nikimlaani moyoni, maana nyumbani nilikuwa nimejigamba kwamba naenda kuwa fundi wa picha, si mlinzi wa samaki wa watu. Lakini jicho likilazimishwa kutazama kitu kimoja, likishachoka kulalamika huanza kufanya kazi. Niliona kwamba asubuhi, kabla ukungu wa mtoni haujaondoka, samaki wale walikuwa na rangi ya majivu tu, na hakuna aliyesimama kuwanunua. Saa sita jua lilipokuja juu ya utosi, waligeuka vipande vya katoni. Alasiri jua lilishuka likapenya chini ya mwavuli wa yule mama, kila punje ya chumvi ikawaka, na samaki wakawa kama shaba iliyosuguliwa. Hapo ndipo wanunuzi walipojaa. Samaki walikuwa wale wale wa asubuhi. Nilipomweleza Patron hivyo, alicheka kwa mara ya kwanza.

"Voilà! Yule mama anauzisha mwanga, na watu wanafikiri wananunua samaki. Sasa ingia ndani, nikufundishe kazi."

Jina lake lilikuwa Papa Basile, lakini mtaa mzima, hata mke wake, ulimwita Patron. Yeye alikuwa Mkatoliki wa misa ya asubuhi. Mimi nimezaliwa katika zile familia za Waislamu wa zamani wa Kisangani, ambazo mababu zao walikuja na misafara ya biashara wakabaki. Hilo halikutusumbua hata siku moja. Sote wawili tuliamka alfajiri, yeye kwa misa na mimi kwa sala, na tulipokutana mlangoni swali lake lilikuja kabla ya salamu: "Jua imeamuka namna gani leo?"

Studio ilikuwa na taa kubwa za umeme, lakini Patron hakuzipenda. Alisema taa inampiga mtu kofi, ilhali dirisha linampapasa. Alinifundisha kwamba jua kavu ni mwanga mgumu, kivuli chake kina ukingo kama wa karatasi iliyokatwa kwa wembe. Likipita kwenye wingu au pazia jeupe linakuwa laini, na vivuli vinayeyuka. Mwanga mwingine unagonga udongo mwekundu wa uani ukarudi juu, na huo unammulika mtu chini ya kidevu na kumpunguzia uzee. Patron hakuwa na kipimo cha mwanga. Alinyoosha kiganja chake dirishani, akakigeuza taratibu, akakisoma, kisha akarekebisha diafragma, kile kitundu cha lenzi kinachofunguka na kujifinya kama mboni ya paka. Kiganja kile sikuwahi kukiona kikikosea.

Baada ya miaka michache alinituma Kapalata, kwenye kambi ya jeshi, kupiga picha za vitambulisho vya askari wapya. Mkubwa wangu kule alikuwa adjudant, afisa wa cheo kidogo, mwenye sauti ya kupasua kuni. Aliwapanga wale vijana uwanjani saa sita mchana, saa mbaya kuliko zote katika mji wetu, maana jua likisimama wima hivyo paji la uso linatoa kivuli na macho yanageuka mashimo mawili meusi. Nilimwomba tuwasogeze chini ya paa la ghala.

"Wee photographe," akanijibu, "soldat haiko bibi-arusi. Piga!"

Nikapiga. Nilipozisafisha zile filamu niliona mistari na mistari ya vijana wasio na macho. Wengi wao walipelekwa vitani na sikusikia tena habari zao, na nadhani kwa baadhi ya mama zao picha ile ndiyo pekee iliyobaki. Nilimwambia Patron kwamba kazi ya Kapalata sitaiweza tena, naye hakunilazimisha.

Halafu vita vikaja kwetu wenyewe. Sitaeleza siasa yake, wapo walioiandika na hawaelewani. Itoshe kujua kwamba majeshi mawili ya kigeni yaliingia mjini yakiwa marafiki, yakakaa, yakaanza kutazamana vibaya. Meli za kutoka Kinshasa zilikoma kupanda mto. Barabara zilifungwa. Umeme ulikuja kama mgeni, ukakaa dakika chache, ukaondoka bila kuaga, na mwishowe haukuja kabisa.

Studio nyingine zilifunga milango. Patron yeye alichukua patasi akatoboa ukuta wa chumba cha giza.

Hapo sina budi kueleza kidogo. Filamu ikishasafishwa unapata negativu, ambamo cheupe ni cheusi na cheusi ni cheupe. Ili upate picha, unapitisha mwanga kwenye negativu, unapita kwenye lenzi ya mashine ya kukuzia, unaangukia karatasi yenye dawa. Mwanga huo kwa kawaida ni wa balbu. Sisi tuliilaza mashine ubavu, tukaitazamisha kwenye lile tundu, na nje uani Patron alisimama na kioo cha kujitazamia, akilikamata jua na kulitupa ndani. Jua halitulii, linatembea, kwa hiyo naye alisogeza kioo nywele kwa nywele huku mimi ndani nahesabu kwa sauti ili anisikie. Kiwingu kikipita, tunaanza upya. Ndivyo tulivyosafisha picha miaka ile yote. Watu walicheka, wakisema Papa Basile amekuwa mganga wa jua, lakini walikuja.

Walikuja kwa sababu ya laissez-passer, kibali cha kutoka mjini. Hakuna aliyepanda ndege katika uwanja wa Simi-Simi bila karatasi hiyo yenye picha yake na muhuri wa ofisi ya jeshi. Na kila aliyeweza kutoka alitaka kutoka, maana askari wa pande zote mbili walikuwa wameanza kuchimba mahandaki ndani ya mji, huyu akimwelekea yule.

Dada yangu Zaina alikuwa mmoja wa waliotaka kutoka. Mimi ni wa kwanza kwa mama yetu, yeye ni wa mwisho, na katikati yetu Mungu aliwachukua wengine. Mume wake, fundi wa magari, alikwenda Beni kutafuta kazi kabla barabara hazijafungwa, akakwama huko. Zaina alirudi kukaa na Mama katika nyumba yetu ya mtaa wa Tshopo, karibu na mahali ambapo mahandaki yalikuwa yanachimbwa. Alikuwa na mimba changa. Mama alikuwa hapati usingizi kwa ajili yake.

Nilikwenda kwa Papa Kambale, mfanyabiashara wa kutoka Kivu ya Kaskazini, mteja wetu wa muda mrefu. Patron ndiye aliyepiga picha za komunyo ya watoto wake wote. Ndege ndogo ilimletea sabuni na maharage kutoka Butembo, mji jirani na Beni, na kurudi ilikuwa karibu tupu.

"Nafasi iko," akaniambia. "Alete tu karatasi. Bila karatasi, pilote anakataa. Na ufanye mbio, Amisi, hawa watu watapigana."

Nilimleta Zaina studio siku ile ile. Patron alimpenda kama mwanawe, akamwita mama, kama tunavyowaita mabinti zetu kwetu. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, jua linarudi, na mwanga ulikuwa unagonga ukuta mweupe wa ng'ambo na kuingia kwetu dirishani umeshalowa. Zaina alikaa na kitambaa chake kichwani kama Mama alivyoagiza.

Niseme ukweli kama kaka. Zaina hakuwa mwanamke wa kusimamisha watu njiani. Alikuwa na paji pana kama langu, na jino moja limempanda mwenziwe. Alikuwa mcheshi, mwenye maneno, mpishi wa pondu, yaani kisamvu, ambayo majirani waliinusa wakajikaribisha. Patron alimgeuza kidogo, akanyoosha kiganja chake, akasubiri, akapiga. Picha ilipotoka, nusu ya uso ilikuwa imeingia gizani taratibu, nusu nyingine imewaka, na jicho moja lilikuwa na kijidirisha kidogo cheupe ndani yake. Tulisimama kuitazama. Alikuwa malkia wa nchi ambayo hatujawahi kuisikia.

"Yaya," Zaina akaniambia, kama wadogo wetu wanavyotuita sisi wakubwa, "huyu bibi ni nani? Nimuoneshe bwana yangu, atasema nimemuletea mutu mwingine!"

Tukaipeleka ofisini. Karani wa kijeshi aliishika kwa vidole viwili.

"Huyu iko na sikio moja?"

"Ana mawili, chef."

"Miye naona hata moja haiko. Nusu ya uso iko wapi? Mutaleta ingine. Masikio yote mbili, uso wazi, kivuli hapana."

Fundi wa picha wa kweli hapewi kazi ya kitambulisho bila kutaka kuipamba. Ndivyo Patron alivyokuwa. Alimpa Zaina kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, na kile kizuri ndicho kilichokataliwa.

Mama alikataa habari ya kuondoa kitambaa. "Mwanangu atoe nywele mbele ya wanaume wasiomjua, na ile picha ikae mezani kwa askari? Hapana." Walibishana hadi jioni. Mwishoni Zaina alisema, "Mama, nywele yangu nitaifunika tena. Miye nikikufa, utafunika nini?" Mama akageuza uso ukutani, akanyamaza, na kwetu mzazi akinyamaza hivyo amekubali bila kukubali.

Picha ya pili Patron aliipiga uani, chini ya wingu zito lililofunika mbingu yote. Huo ni mwanga bapa. Hauna upande wa kutoka, haujengi pua wala shavu, unaonyesha kila kitu na hausemi chochote. Zaina alikaa akitazama mbele, kichwa wazi, mafundo ya nywele alizosukwa na Mama, masikio yote mawili. "Picha ya kipumbavu," Patron akanung'unika, akaifunga kamera.

Wingu lile lilikuwa limekuja kukaa. Lilileta mvua, mvua ikaleta wingu jingine. Tulisafisha filamu, tukapata negativu safi kabisa, lakini kuitoa picha tulihitaji jua, na jua halikuwepo. Tulijaribu mwanga wa mawingu. Karatasi zetu zilikuwa zimezeeka, hazikuwa na nguvu ya kunywa mwanga mchache, na Zaina akatoka wa kijivu, kama mtu aliyezama majini. Tulijaribu taa ya mafuta nyuma ya mashine, ikawa mbaya zaidi. Nilipeleka iliyo afadhali ofisini hata hivyo. Karani hakuichukua mkononi.

"Hii ni kivuli ya mutu," akasema. "Kivuli haipandake ndege."

Ndege ya Papa Kambale ilikuja kati ya mvua mbili, ikashusha sabuni, ikaondoka. Mwenyewe akanituliza kwamba itakuja nyingine. Kila asubuhi nilifika studio nikamkuta Patron amesimama uani na kioo chake kikavu chini ya kwapa, anatazama juu, midomo inatembea. Alikuwa anasali rozari. Nyumbani Mama alikuwa anaomba dua. Jua liliombwa na dini mbili. Nilipolalamika, Mama aliniambia, "Subira huvuta heri, papa." Nimeishi miaka mingi baada ya neno hilo, na sijaona ni heri gani tuliyoivuta.

Nataka vijana wanielewe hapo. Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba kila mwanga una uzuri wake, hata wa mvua. Nilijua jinsi mabati yaliyolowa yanavyobeba mbingu, jinsi mwendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, akipita kwenye dimbwi anavyokuwa watu wawili, mmoja juu na mmoja chini. Siku zile niliviona vyote na nilivichukia. Nilitaka jua tu. Nilitaka lile jua kavu, gumu, lisilo na adabu.

Likaja. Asubuhi moja niliamka nikaliona mstari wake ukutani, mweupe, umenyooka. Nilikimbia hadi Makiso bila chai. Njia nzima nilipita watu wakitoka nje ya nyumba zao na magodoro, na mihogo iliyoanza kuoza, na nguo. Mji mzima ulikuwa unajianika, watu wakisalimiana kwa vicheko kama siku ya sikukuu. Patron alikuwa ameshafika, kioo mkononi.

"Ingia haraka! Ingia, imewaka!"

Nikaingia kwenye chumba cha giza, nikaweka negativu, nikapiga kelele, "Tayari!" Mwanga ukaingia tunduni kama maji yanavyoingia kwenye mtumbwi, na uso wa Zaina ukasimama juu ya karatasi. Nikaanza kuhesabu. Nilikuwa katikati ya hesabu nilipousikia mshindo wa kwanza, mbali, upande wa Tshopo. Halafu wa pili. Vumbi lilidondoka kutoka darini. Uso wa Zaina haukutikisika. Nilimaliza hesabu, nikafunika lenzi, na ndipo nilipofungua mlango nikamwona Patron bado amesimama palepale uani, peke yake, majirani wote wameshalala chini, na kioo kimetulia mikononi mwake.

"Ilikuwa imebaki kidogo," akasema. Meno yake yalikuwa yanagongana.

Nilitumbukiza karatasi kwenye revelateur, dawa ya kutokeza sura. Ikatoka safi. Masikio yote mawili, mafundo ya nywele, hakuna kivuli. Nikaihamishia kwenye fixateur, dawa ya kuituliza, ambayo huondoa kwenye karatasi kila kitu ambacho bado kinaweza kuguswa na mwanga. Dawa yetu ilikuwa imeshatumika mno na ilihitaji muda mrefu. Muda haukuwepo. Mabomu yalikuwa yanaanguka Tshopo, na Mama na Zaina walikuwa Tshopo. Niliichomoa karatasi, nikaitikisa, nikaiweka ndani ya shati, nikakimbia.

Sijui nilidhani nini. Nadhani nilidhani kwamba maadamu nina picha, bado anaweza kuondoka.

Watu walikuwa wanakimbia kuja, mimi nakwenda. Nilipita kwenye mitaro, nyuma ya kuta, nyua za watu nisiowajua. Nilipofika kwetu nilimwona kwanza Mama, amekaa chini mlangoni, hana jeraha, mikono imefunguka magotini. Kisha nikaona kamba ya nguo.

Zaina alikuwa ametoka kuanika. Kwa nini asingetoka? Nguo zilikuwa zimekaa ndani siku zote zile za mvua zikinuka, na jua lilikuwa limekuja hatimaye, lile tuliloliomba. Bomu lilianguka kwenye ukuta wa jirani. Yeye alikuwa chini ya kamba, na beseni ubavuni mwake, na shuka alilokuwa ameshalianika lilikuwa bado linaning'inia juu yake. Jua la asubuhi lilikuwa linapita kwenye lile shuka lililolowa na kumwangukia usoni.

Na jicho langu likaona kwamba mwanga ule ni mzuri. Liliona kabla sijalia. Liliona shuka limekuwa pazia, mwanga umelainika, udongo mwekundu unaurudisha chini ya kidevu chake, yote kama Patron alivyonifundisha. Sikulituma. Lilifanya kazi yake kama mbwa aliyefunzwa. Nililia baadaye, na nikilia nilikuwa nalililia hata jicho lile, maana nilijua halitakuwa langu tena. Mwanga hauchagui. Unampamba samaki wa chumvi, unampamba bibi-arusi, na dada yangu pale chini ulimpamba vilevile, bila haya.

Tulimzika uani, mimi na wanaume wawili wa jirani, kati ya mshindo na mshindo, bila sanda ya kweli. Shuka lile ndilo lililokuwa sanda. Mapigano yaliendelea siku kadhaa. Yalipokwisha, studio ilikuwa haina paa, na makabati ya negativu, kazi ya maisha ya Patron, yalikuwa yameungua hadi chini.

Siku ya arobaini Patron alikuja nyumbani kwetu amevaa suti yake ya misa. Chini ya mkono alikuwa na fremu. Ile picha ya kwanza, malkia, alikuwa ameipeleka nyumbani kwake kabla ya mapigano, na hivyo ikapona. Aliiweka mbele ya Mama kwa mikono miwili. Waombolezaji walisogea, wakashika vinywa. Wengine walisema hawajawahi kuona picha nzuri namna ile.

Mama aliitazama muda mrefu. Kisha akaisukuma pole pole, akairudisha kwake.

"Asante, Patron. Iko muzuri sana. Lakini haiko mutoto yangu." Akanigeukia. "Amisi, unipe ile ingine."

"Mama, ile si nzuri. Tena kichwa kiko wazi."

"Unipe."

Nikaitoa. Ilikuwa imekunjamana kidogo kwa jasho la siku ile. Mama akaishika karibu na macho, akapitisha kidole juu ya mafundo ya nywele, kisha juu ya masikio.

"Hii nywele ni miye nilisuka. Haya masikio ni miye nilitoboa na sindano, alilia mupaka jirani wakakuja kuuliza nani amekufa." Akaikumbatia kifuani. "Huyu ndiye Zaina."

Patron alirudi nyumbani na fremu yake. Nilimsindikiza hadi kwake. Alifungua tena kazi kwenye baraza, turubai moja na kiti kimoja, lakini hakunyoosha tena kiganja chake. Alipiga picha kama karani, uso wazi, masikio mawili, mwingine aje. Alifariki miaka michache baadaye. Mimi niliendelea, kwa sababu mtu lazima ale. Nikapiga harusi, nikapiga ubatizo, nikapiga wanafunzi wenye diploma zao. Umeme ulirudi kwa kusuasua, zikaja kamera zisizohitaji filamu, kisha zikaja simu. Siku moja nikagundua kwamba imepita muda mrefu hakuna aliyeniita. Kustaafu kwangu kulikuwa hivyo tu.

Vijana huja wakati mwingine, wanasema, "Tonton, tuambie siri ya mwanga." Ninawaambia. Msipige saa sita. Mtafute ukuta mweupe, mtafute mlango, mngoje jua lishuke. Yote ni kweli na nitawafundisha mkitaka. Lakini nikiwatazama wanavyofurahi ninapatwa na huzuni, kwa sababu najua ninawapa jicho, na jicho hilo hawatakuwa na uwezo wa kulifumba siku watakapohitaji kulifumba.

Mama alitundika picha yake ukutani mkabala na dirisha na akaishi nayo hadi alipofariki, ndipo ikaja kwangu. Nilipoitoa ukutani nilifahamu kilichotokea. Karatasi ambayo haikukaa vya kutosha kwenye fixateur bado ina dawa hai ndani yake. Kila mwanga unaoigusa unaendelea kuichoma. Zaina alikuwa ameanza kugeuka kahawia, mashavu yanazama, mafundo ya nywele hayahesabiki tena. Mpwa wa jirani aliipiga kwa simu, akaongeza mwanga kwa mashine, akaniletea uso laini wa msichana nisiyemjua. Nilimshukuru, nikamwomba aifute.

Nimeiweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, nimelifunga kwa utepe mweusi, liko chini ya kitanda. Mara ya mwisho nilipolifungua, sikio la kushoto lilikuwa limeshaondoka. La kulia bado lilikuwepo. Kila nikimtazama ninamla, kwa hiyo simtazami.